Tui Zito Huja Mwisho

Fundi Timazi alikuwa amekalia mbuzi kwa mara ya kwanza maishani mwake. Magoti yalikuwa yamepanda karibu yaguse masikio, na nazi aliyoishika ilikuwa imeshamshinda hata kabla hajaanza kuikuna.

"Shemeji, hiyo mbuzi utaivunja," sauti ilimjia kutoka juu ya ukuta wa ua. "Na isipovunjika hiyo, basi utavunjika wewe."

Alikuwa jirani yao, mshonaji nguo, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Cherehani. Kichwa chake kilichungulia juu ya matofali, utepe wa kupimia umening'inia shingoni kama kawaida.

"Ukuta huu nimeujenga mimi," fundi alisema bila kuinua uso. "Ningejua utakuwa wa kuchungulia, ningeupandisha zaidi."

"Ungeupandisha ningesimama juu ya ndoo. Haya, kuna nini leo? Mzee mzima na mvi zako umekalia mbuzi!"

"Napika."

Mama Cherehani alifungua mdomo ili acheke, halafu akaufunga. Alijua fundi anampikia nani, na alijua kwa nini. Alishuka, akazunguka, akaingia kwa mlango wa uani, akavuta kigoda.

Fundi Timazi ni mwashi. Jina hilo alipewa na mafundi wenzake kwa sababu ya ile kamba yenye kipande cha chuma inayoning'inizwa kupima kama ukuta umesimama wima. Hakuwahi kutoka nyumbani bila timazi yake mfukoni. Hata akialikwa kwenye shughuli za watu, wengine walipokuwa wanatazama chakula, yeye alikuwa anatazama fremu ya mlango, anatikisa kichwa, anaguna. Magoti yalipoanza kumlalamikia aliacha kupanda majukwaa, akabaki kufanya vikazi vidogo vidogo vya mtaani: ngazi ya huyu, lipu ya yule.

Mkewe ndiye aliyekuwa hajastaafu kitu. Yule mama alipika tangu ujana wake, na ni sufuria ndiyo iliyowakutanisha. Fundi akiwa kijana walikuwa wanajenga ghala moja kubwa, na binti mmoja mwembamba alikuja kuwapikia wajenzi. Sasa, pale kazini kulikuwa na kelele nyingi, na fundi aliye juu hawezi kushinda anapaza sauti mpaka jioni. Kwa hiyo waliongea kwa mwiko wa kujengea, ule wa chuma. Ukigonga tofali mara moja, maana yake lete. Ukigonga mara mbili, basi, acha hapo hapo. Ukikwaruza kwa kuzungusha, maana yake udongo umeanza kuganda, koroga. Yule binti alikaa chini na sufuria zake, akasikiliza, akajifunza yote bila kumwuliza mtu.

Siku moja wakati wa chakula aligonga kifuniko cha sufuria kwa upawa wake. Ngo! Mara moja. Mafundi wote wakaangalia chini, lakini macho ya binti yalikuwa kwa mmoja tu.

Timazi akateremka. "Umegonga lete. Nilete nini?"

"Lete sahani," binti akasema. "Kila siku unakula mwisho, wenzio wamekwisha kukomba nyama. Leo utaanza wewe."

Ndiyo ikawa hivyo. Mwenyezi Mungu akawajalia nyumba, akawajalia binti mmoja, na yule mama akaendelea kupika. Kwake chakula hakikuwa kitu cha anasa. Kilikuwa boga, majani ya kijani, kunde, samaki akipatikana, vitunguu, nyanya, tangawizi, ndimu, na nazi. Hivyo tu. Lakini ukipita nje wakati sufuria iko jikoni, miguu yenyewe inapunguza mwendo.

Halafu asubuhi moja, anafunga kitambaa kichwani, mkono wa kulia ukagoma. Kitambaa kikaanguka, na yeye akakifuata. Kiharusi.

Alirudi kutoka hospitali akiwa hai, na kwa hilo fundi alimshukuru Mungu mchana na usiku. Ila mkono wa kulia ulikuwa umelala, mguu anauburura, na ulimi mzito, maneno yamebaki machache tena ya kukatika. Daktari alimkalisha fundi akamweleza vizuri: chumvi ipungue, mafuta ya kukaangia yapungue, mboga ziongezeke, na chakula kiwe laini asije akapaliwa. Fundi aliulizia nazi. Daktari akasema si lazima aiache kabisa, ila asiizidishe. Tui liwe jepesi.

Sasa fundi ni mtu wa tahadhari. Ukimwambia fundi wa namna hiyo kwamba kitu kina hatari, hapunguzi, anaondoa. Akaondoa chumvi. Akaondoa mafuta. Nazi akaiogopa, naye akaiondoa vilevile. Akachemsha boga kwa maji. Akachemsha mchicha kwa maji. Samaki naye akamchemsha kwa maji, akatoka mweupe, macho yametoka, kama aliyekufa mara mbili. Mkewe aliiangalia sahani, akamwangalia mumewe kwa huruma, kisha akageuzia uso ukutani. Kula yake ikawa ya kudonoa. Nguo zikaanza kumning'inia.

Jumapili iliyopita binti yao alikuja. Yeye anaishi mji mwingine, anafanya kazi ya mapokezi katika hoteli. Alimshika mama yake mkono, akaukuta umebaki mifupa, akatoka nje kulia ili asionekane. Aliporudi alikuwa amejikaza.

"Baba, mimi simlaumu mtu," alisema. "Lakini mama anaisha tukimwona. Jumapili ijayo nakuja. Nikikuta bado hali, naondoka naye. Nimeshapata dada wa kumwangalia."

"Mtakaa wapi, mama? Nyumba yako si chumba kimoja na sebule?"

"Tutabanana. Mama atalala na mimi."

"Na mimi?"

Binti akainamisha kichwa. "Wewe utakuwa unakuja kututembelea, baba."

Fundi alimtazama mkewe. Chozi lilimtoka yule mama, likateremka shavu la upande ule unaosikia. Fundi akalifuta kwa kidole gumba chenye sugu za matofali. Tangu waoane, ukiacha siku zile za hospitali, hawakuwahi kulala nyumba mbili.

Wiki ikaanza kuyoyoma. Boga la maji, uso ukutani. Mchicha wa maji, uso ukutani. Mpaka siku hiyo ninayosimulia, fundi alipogundua kuwa mkewe haangalii ukuta. Anaangalia nyuma ya mlango wa jikoni, mahali ilipoegemezwa mbuzi yake, kibao kimeng'aa kwa kukaliwa, chuma chenye meno kimeelekea juu.

"Unataka nazi?" fundi alimwuliza.

Mama yule alifumba macho, akayafumbua. Basi fundi akapiga moyo konde, akaenda sokoni, akarudi na nazi.

Ndipo Mama Cherehani alipomkuta.

"Haya, kwanza ivunje," alimwambia, akijiweka sawa kwenye kigoda. "Huwezi kukuna nazi nzima, labda kama una meno ya panya."

Fundi akalitaja jina la Mungu, akaiweka nazi chini, akaipiga kwa nyundo yake ya kazi. Nazi ilitawanyika. Kipande kimoja kilienda chini ya ngazi, kingine kikampita Mama Cherehani sikioni, na maji yote yakanywewa na vumbi.

"We baba we! Hiyo ni nazi, si jabali!"

Ikachukuliwa nyingine. Mama Cherehani akamwonyesha: ishike kiganjani, igeuzegeuze, igonge tumboni kwa mgongo wa panga taratibu, itakupasukia yenyewe, na bakuli liwe chini lipokee maji. Hiyo ikakubali. Kisha kukuna. Fundi alikuna kama anayepiga msasa mbao, mpaka akafika kwenye ganda, na nazi ikaanza kutoka na vumbi la kahawia.

"Ukiona rangi hiyo umeshapita. Zungusha, usikandamize. Hivyo. Na vidole, shemeji, vidole! Daktari hakusema tumpe nyama."

Ilipofika kwenye kuchuja, fundi alisimama akaangalia pembeni ya ua, kwenye chekecheke yake ya mchanga.

"Thubutu," akasema Mama Cherehani. "Lete hilo dude hapa niite watu."

Akapewa kifumbu, kile kichujio cha kusukwa. Akatia nazi iliyokunwa na maji ya vuguvugu, akakamua kwa mikono yake mipana. Mikono ile ilikuwa na nguvu, nawaambieni. Tui la kwanza likateremka zito, jeupe, linang'ang'ania ukingo wa bakuli. Akatia maji tena, akakamua, likaja tui la pili, jepesi, karibu na rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Mama Cherehani akaitwa na mteja wake mlangoni, akaondoka huku anasema, "Sasa hapo huwezi kukosea, ni kupika tu."

Wapi! Hapo ndipo fundi alipokosea, na kosa lake asingelifanya mtu mwingine isipokuwa mwashi. Maana mwashi tangu ujana wake anafundishwa kitu kimoja: mchanganyiko wenye nguvu unakwenda chini. Zege zito ni la msingi, huko juu unapunguza saruji kadiri unavyopanda. Basi fundi akachukua tui zito lote akalimwaga chini ya sufuria, liwe msingi. Juu yake akapanga vipande vya boga, mstari kwa mstari, maungio yamepishana kama ya matofali. Juu kabisa akamalizia tui jepesi. Akafunika. Akachochea moto ukawaka mpaka ukanguruma, akaenda zake kufagia maganda ya nazi, moyo umetulia kabisa.

Mkewe alikuwa amekalishwa kwenye kiti, mlangoni mwa jikoni, apate hewa. Pembeni yake kulikuwa na kikombe cha bati na kijiko.

Ngo! Ngo!

Fundi akageuka. "Nini, mwenzangu? Maji?" Akamletea maji. Mama yule akayasukuma kwa mkono wa kushoto.

Ngo! Ngo!

"Jua limekupata?" Akamsogeza kiti kivulini.

Ngo! Ngo! Safari hii kwa hasira, kikombe kikaruka. Mama Cherehani naye akachungulia juu ya ukuta. "Anaumwa huyo! Mshike kichwa, angalia joto!"

Fundi akamshika kichwa. Mama yule akakikwepesha, akaegemeza kijiko ndani ya kikombe, akaanza kukwaruza akizungusha. Kraa, kraa, kraa.

Mwili ukamsisimka fundi mpaka nywele za mikono zikasimama. Akaisikia ile sauti kutoka mbali sana, kutoka juu ya jukwaa la ghala, enzi zile ana meno yote. Mara mbili, acha. Kukwaruza...

"Koroga," alisema polepole. "Mungu wangu. Anasema nikoroge!"

Alikimbia hadi jikoni akafunua sufuria. Alikuwa amechelewa. Tui lilikuwa limekatika vibaya, madonge meupe yanaelea juu ya mafuta, kama lipu iliyonyeshewa mvua kabla haijakauka. Fundi alisimama na kifuniko mkononi, jasho linamtiririka, anaangalia msingi wake ulivyobomoka. Na nyuma yake akasikia kitu ambacho hakukisikia tangu ile asubuhi ya kitambaa. Mkewe alikuwa anacheka. Kicheko cha upande mmoja, mdomo umepinda kushoto, mabega yanatikisika, machozi yanatoka. Alicheka mpaka akakohoa.

Fundi alicheka naye. Mama Cherehani alicheka ukutani mpaka akateleza kwenye ndoo.

Lile boga walilila fundi na Mama Cherehani, ambaye alisema limempendeza kweli, halafu akaomba toba kwa Mungu kwa uongo ule.

Kuanzia siku hiyo waliacha mapishi ya kubahatisha, wakaingia shule. Mwalimu kwenye kiti, na kikombe chake cha bati. Mwanafunzi kwenye mbuzi. Fundi akajifunza kwamba tui la pili, lile jepesi, ndilo linaloanza; humo boga linaiva taratibu pamoja na kitunguu, nyanya na kipande cha tangawizi kilichopondwa, moto wa chini, sufuria wazi. Akajifunza kwamba tui zito huja mwisho, tena kwa mgonjwa kama huyu ni upawa mdogo tu, si bakuli zima, na likishaingia mkono hausimami, unakoroga mpaka uepue. Akionja na kusema, "Mbona haina chumvi hii?" na mkono ukaanza kwenda kwenye kopo, aligongewa mara mbili. Kisha mama yule aliielekezea ndimu kidevu. Fundi akakamua ndimu, akaonja tena, akalisukuma kopo pembeni. Ulimi wake ulikuwa umedanganywa na chumvi miaka yote, sasa akausikia utamu wa boga lenyewe.

Hata mchicha ulibadilika. Alikuwa akiuchemsha mpaka unakata roho. Sasa akafundishwa uingie tu kwenye tui jepesi na kitunguu saumu, unyong'onyee, uepuliwe ukiwa bado kijani. Na machicha hayakutupwa, walipewa kuku wa Mama Cherehani, ambao ghafla wakaanza kumheshimu fundi.

Mkewe akaanza kula. Kwanza vijiko vichache. Kesho yake vikaongezeka. Fundi akajiona ameshavuka, akalala akipanga maneno atakayomwambia binti yake.

Lakini Jumamosi, mama yule hakula. Chakula kilikuwa kilekile, tena kizuri kuliko cha jana. Alikitazama, akaweka kijiko chini, na uso ukaanza tena ile safari ya kwenda ukutani.

Fundi akainusa sahani. "Nimekosea wapi? Tui? Ndimu?"

Hakuna kugonga. Mkono wa kushoto tu ulinyanyuka kutoka mapajani, ukaelekea jikoni, ukabaki hewani kidogo, ukashuka.

Fundi alikaa chini mbele yake, juu ya mbuzi, maana ndicho kilichokuwa karibu. Akamtazama. Akatazama jiko pale sakafuni, na sufuria, na umbali uliokuwa katikati ya sufuria na kile kiti. Timazi alikuwa na kipaji kimoja ambacho Mungu alimpa: kuona kitu kinachopungua kwenye ukuta kabla mwingine hajaona. Huyu mtu alipikia watu maisha yake yote. Sasa analishwa kama kifaranga. Si kwamba hataki chakula. Anataka sufuria.

"Aa," alisema. "Subiri."

Alikwenda nyuma ya nyumba kwenye rundo la matofali yaliyosalia kazini. Saruji hakuigusa, kwa sababu ingehitaji siku za kukauka na Jumapili haimngoji mtu. Yeye ambaye hakuwahi kujenga hata banda la kuku bila saruji, mchana ule alipanga matofali makavu, moja juu ya jingine, akayabana kwa udongo kidogo tu. Alijenga jukwaa dogo pale mlangoni mwa jikoni, kimo chake sawasawa na kiti cha mkewe. Akaleta pimamaji akaiweka juu, akachomoa tofali, akarudisha, akapima tena.

"Kwa sufuria tu?" Mama Cherehani alimwuliza toka ukutani. "Unapima kama unajenga benki."

"Likiinama, tui litakimbilia upande mmoja," fundi alijibu. "Halafu nitagongewa mimi."

Giza lilipoanza kuingia akaliweka jiko juu yake. Akausogeza mkono wa mkewe wa kushoto. Ukafika.

Jumapili binti alifika na begi tupu. Fundi aliliona kabla hajauona uso wa mwanawe. Walisalimiana, akampokea, lakini begi binti hakuliachia.

Alipoingia uani alikuta moto unawaka, boga linatokota kwenye tui jepesi, na mama yake amekaa mbele ya sufuria.

"Baba! Umemweka mama karibu na moto hivi? Akiangukia?" Begi likatua chini, binti akakimbilia kiti, akaanza kukivuta.

Ngo! Ngo!

"Ana nini? Mama, unaumwa wapi?"

"Amekwambia acha," fundi alisema.

"Nani? Mama hajasema kitu."

"Amesema."

Binti alimtazama baba yake namna watu wanavyowatazama wazee walioanza kupotea njia. Hakubishana. Aliukaribia moto, akaona sufuria iko wazi, na kwa kuwa alikuwa na haraka, na moyo umemvurugika, alichukua kibakuli chenye ule upawa mmoja wa tui zito akamimina, akanyanyua kifuniko ili afunike.

Kraa, kraa, kraa.

Fundi alitamani arukie ule mwiko. Alishika mikono yake miwili nyuma ya mgongo, akaibana. "Mama," alimwambia binti yake kwa upole, "mama yako anakwambia koroga. Likipata nafasi ya kulala, litakatika."

"Baba..."

"Koroga kwanza. Utanigombeza baadaye."

Binti akashika mwiko, akakoroga, midomo imemkaza. Akakoroga kama mtu anayetii ili mambo yaishe. Halafu akaona mkono wa mama yake ukinyanyuka. Ukaja juu ya mkono wake, ukatulia hapo kidogo, kisha ukamnyang'anya mwiko.

Mama yule akakoroga mwenyewe, kwa kushoto. Matone yalirukia matofali, mwiko uligonga ukingo, mara ukasita, mara ukaendelea. Ila haukusimama. Tui likalainika, likashikana na boga, likawa kitu kimoja, na harufu ikapanda mpaka Mama Cherehani huko kwake akazima cherehani.

Moto ulipopunguzwa, mama akaweka mwiko, akachukua kijiko chake.

Ngo! Mara moja.

"Anataka nini sasa?" binti aliuliza, na safari hii alikuwa anauliza kweli.

"Lete."

Binti alisimama, akafikiri, akaenda kabatini, akaleta sahani.

Alikula, yule mama. Alikula kwa mkono wa kushoto, taratibu, akitafuna upande ule unaosikia, boga na mchicha na minofu ya samaki iliyotolewa miiba. Jingine lilimdondokea kifuani, akalitazama, akaendelea. Binti alikaa kwenye mbuzi bila kujua amekalia nini. Alipomaliza kumwangalia mama yake, alikuwa na sahani yake mwenyewe mkononi, na ilikuwa tupu, wala hakukumbuka nani alimpakulia.

"Haina chumvi hii, baba?"

"Punje tu. Usiniulize mimi, mimi ni saidia fundi hapa."

Kucheka kwake binti kulichanganyika na kwikwi. Walikaa hivyo hadi jua likaanza kuinama. Kisha akakumbuka safari, akainama akaliinua begi lake aende kufungasha nguo za mama yake.

Ngo! Ngo!

Kikombe kililia mpaka kuku wakashtuka. Binti alibaki ameinama, begi mkononi. Hakumtazama baba yake apate tafsiri.

"Nimesikia, mama," alisema. Akaliweka chini. Halafu, kwa kuwa ni mtoto wa fundi na hawezi kuacha jambo bila kulipima, akamgeukia baba yake. "Lakini nitakuwa nakuja, Jumapili kwa Jumapili. Na nikija nitamshika huu mkono. Nikiukuta umepungua..."

"Ukiukuta umepungua, utatuchukua wote wawili," fundi alisema. "Tutabanana."

Alimsindikiza binti mpaka mlango wa uani. Begi tupu lilikuwa begani mwake, jepesi, linapigapiga kiunoni. Alikuwa ameshika kitasa waliposikia tena, polepole, karibu kama mzaha.

Ngo!

Binti aligeuka. Alikuwa ameshajua sasa. "Anasema lete. Mama, nikija nilete nini?"

Mama yule alivuta pumzi. Shavu la kushoto likajikaza, mdomo ukalitafuta neno, ukalikosa, ukalitafuta tena. Fundi alisimama bila kupumua, kama anayengoja timazi iache kucheza.

"Na... zi," alisema.

"Na ndimu!" ikadakia sauti toka juu ya ukuta. "Ndimu zimekwisha humo, nimeangalia!"

"Shuka kwenye ndoo, wewe," fundi alisema, na uso wake wote ulikuwa umelowa.